Nilisaini Kwamba Baba Hakuzikwa Bustanini

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, ni mjane, na riziki yangu ni cherehani. Kibanda changu kiko Makambako, mtaa wa nyuma ya soko, na wateja wananiita fundi Editha. Majina ya wengine nitakaowataja nimeyabadilisha. Langu nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu kosa ninalokuja kulieleza ni langu pia.

Naandika nikiwa na hasira. Mwanajumuiya mwenzangu wa kanisani alinishauri nisubiri hasira ipoe ndipo nishike kalamu. Nimesubiri miaka miwili. Haijapoa.

Nilizaliwa upande wa Kifanya, katika kijiji ambacho sitakitaja. Juu ya kijiji chetu kuna nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, yenye vigae vyekundu na dohani mbili. Ilijengwa na mlowezi mmoja aliyekuja kulima pareto na miwati kabla hata baba yangu hajazaliwa. Sisi wote tunaiita Nyumba ya Juu.

Baba yangu, mzee Alfonsi, aliajiriwa pale akiwa kijana kutunza bustani. Alioa akiwa pale. Mimi na mdogo wangu Kastori tulizaliwa pale, katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jiko. Mwenye nyumba wa mwisho alikuwa mama wa kizungu asiye na mtoto. Alipozeeka na kuamua kurudi kwao, alimwachia baba nyumba na bustani kwa maandishi, mbele ya serikali ya kijiji. Mambo yalikuwa wazi na hakuna aliyepinga.

Ile bustani ilikuwa maisha ya baba na mama. Palikuwa na waridi za kila rangi, na yale maua makubwa ya bluu yanayochanua kwa vichala, na yungiyungi kando ya mfereji. Chini kabisa palikuwa na safu ya mipeasi na miplamu. Watu wakidhani vyote vile vilipandwa na wazungu, wanakosea. Mipeasi yote kumi na miwili baba aliipandikiza kwa mikono yake. Waridi za upande wa veranda ni za mama yangu. Aliomba vipandikizi kwa masista, akavibeba kwa miguu akiwa na mimba ya Kastori.

Baba alifariki mwezi wa saba, ule wakati ambao ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Alishasema anataka kulala kati ya mpeasi wa tatu na wa nne. Tulimzika hapo. Padri alikuja, kijiji kizima kilikuja. Tulizungushia kaburi mawe ya mtoni, tukaweka msalaba wa mbao ngumu wenye jina lake. Kila Jumapili baada ya misa mama alishuka pale na kopo la maji, akang'oa magugu, akamweleza baba habari za wiki. Nikimtembelea, nilizoea kumsikia akicheka peke yake huko chini.

Aliishi hivyo miaka sita, na hakuwahi kulalamika juu ya upweke. Hilo nataka mlikumbuke, kwa sababu baadaye Kastori alisema mama alikuwa amechoka kukaa peke yake. Ni uongo.

Kastori ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako, kando ya barabara kuu. Ni mtu wa watu. Msibani ndiye anayesimamia, harusini ndiye mwenyekiti wa kamati. Mimi mwenyewe nilijivunia kuwa dada yake.

Siku moja alikuja kibandani kwangu na bahasha ya kaki. Ilikuwa karibu na kipaimara, nina magauni meupe thelathini ya kumaliza, na wateja wamesimama mlangoni. Akavuta kiti, akakaa karibu na meza ya kukatia.

"Dada, nimepata mbia wa Nyumba ya Juu," aliniambia. "Watu wa utalii. Wageni wanaokwenda Kitulo kuangalia maua watakuwa wanapita pale kulala na kutembelea bustani. Nyumba itakarabatiwa, mama atabaki na chumba chake, na bustani ya baba itajulikana."

Nikamuuliza mama amesemaje.

"Mama anakusikiliza wewe. Mimi ataniuliza maswali mpaka jioni. Wewe ukimwambia ni sawa, ni sawa."

Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba wale watu watahitaji sare za wafanyakazi, na kwamba amekwisha kuwaambia fundi yupo, ni dada yake.

Akanipa karatasi. Sikuzisoma zote, lakini ya juu niliisoma. Hapa ndipo kosa langu lilipo, wasomaji wenzangu, na sitalipaka rangi. Karatasi ya juu ilikuwa tamko. Ilikuwa na mistari michache, na mmoja ulisema kwamba mimi, mtoto mkubwa wa marehemu, nathibitisha kwamba katika eneo hilo hakuna kaburi wala mahali pa matambiko.

Nilimnyooshea kidole ule mstari. "Kasto, hapa wameandika hakuna kaburi. Na baba je?"

Hata hakuinama kuutazama. "Hiyo ni lugha ya fomu, dada. Kila fomu ya ardhi inaandikwa hivyo. Ukiandika kuna kaburi, wanaleta wapimaji, wanaleta watu wa afya, inakaa miaka mitatu. Kaburi la baba litaguswa na nani? Mimi si mtoto wake?"

Mteja wa mlangoni akaniita. Nikachukua kalamu, nikasaini.

Je, sikujua? Nilijua. Nilijua mahali baba alipolala kama ninavyojua mlango wa chumba changu. Nikasaini kwamba hayupo, kwa sababu nilikuwa na haraka, nilimwamini mdogo wangu, na nilizitaka zile sare.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kijijini pamoja, mimi na Kastori. Mama alitupokea kwa viazi na maharage, akawasha moto katika jiko la ukutani kwa sababu ya baridi. Kastori alieleza kwa maneno mazuri, akatoa kidau cha wino. Mama hajui kusoma. Alizitazama zile karatasi, akamtazama Kastori, kisha akanigeukia mimi.

"Editha, umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Ni sawa?"

"Ni sawa, mama."

Akanipa mkono wake. Mimi ndiye niliyeshika dole gumba lake, nikalibonyeza kwenye wino, nikalibonyeza kwenye karatasi. Kisha nikamfuta kwa leso yangu.

Baada ya mwezi Kastori alimleta mama kwangu Makambako, na begi moja. Alisema mafundi wanapiga rangi, mzee hawezi kukaa katika vumbi. Ni wiki mbili tu.

Wiki mbili zikawa miezi miwili, miezi miwili ikawa nane. Kila mama alipouliza, Kastori alikuwa na jibu. Vigae bado havijafika. Umeme bado haujaunganishwa. Barabara imeharibika kwa mvua. Mama yangu, aliyezoea kufungua dirisha akaona mipeasi, alikaa nyuma ya kibanda changu akiangalia ukuta wa jirani. Alipanda vitunguu katika ndoo iliyotoboka. Alikonda.

Mimi wakati huo nilikuwa nashona sare. Za kijani iliyokolea, zenye nembo ya nyumba yenye dohani mbili kifuani. Mama alinisaidia kufunga vifungo.

Siku moja ya Jumapili, tukitoka misani, alisema, "Leo sirudi nyumbani kwako. Leo nakwenda kwangu. Usiponipeleka nitauliza njia kwa watu."

Nilimpigia Kastori, hakupokea. Basi tukapanda gari mpaka Njombe, na kutoka pale tukakodi bajaji.

Njia ya kupanda kwenda Nyumba ya Juu ilikuwa imewekwa kokoto. Palikuwa na geti jipya. Mlinzi alitusalimu vizuri, akatuonyesha dirisha dogo la tiketi. Mama hakuelewa.

"Kamwene," alimsalimu yule mlinzi kwa Kibena. "Mimi ni mwenye nyumba. Nimerudi."

Mlinzi akacheka kwa adabu, akidhani bibi anamtania. Nikamvuta mama pembeni, nikamwambia ni utaratibu tu. Nikalipa. Wakampa beji ya kuvaa shingoni. Aliniuliza imeandikwa nini. Imeandikwa MGENI, nikamwambia.

Hakuivaa. Aliishika mkononi.

Tuliunganishwa na kundi la wageni wengine kama kumi hivi, watu wa heshima kutoka Iringa waliokuja kuangalia mahali pa kufanyia harusi. Aliyetutembeza alikuwa binti mmoja aitwaye Neema, mchangamfu, mwenye sauti nzuri. Alikuwa amevaa sare yangu. Niliutambua mshono wa kola.

"Bustani hii," Neema alisema, "ilibuniwa na mke wa mlowezi wa kwanza, aliyeleta mbegu kwa meli kutoka Ulaya. Waridi hizi mnazoziona za veranda ni zake mwenyewe."

Mama alinitazama.

Tukaingia sebuleni. Kwa kweli palipendeza. Sakafu ya mbao imepigwa nta, jiko la ukutani limesafishwa, picha za zamani zimetundikwa. Katika picha moja alikuwepo yule mama wa kizungu wa mwisho, ameketi, na nyuma yake amesimama baba yangu na mkasi wa kupogolea. Kijana, shingo ndefu, kofia mkononi. Mama aliisogelea akasimama mbele yake muda mrefu.

"Wameandika nini hapo chini?" aliniuliza.

Nikasoma. "Mwenye nyumba na mtumishi wake."

"Mtumishi hana jina?"

Wageni wakageuka. Mama akamwita Neema, taratibu, kama anavyomwita mjukuu.

"Binti yangu, huyo anaitwa Alfonsi. Ni mume wangu. Mwandike jina."

Neema aliona haya, maskini. Alisema hakujua, alisema hivyo ndivyo alivyofundishwa. Akatoa kalamu akaandika jina kiganjani mwake. Basi wale wageni wakamzunguka mama, wakaanza kumuuliza yeye. Mama yangu akatoka nao nje, akaanza kuwaeleza. Huu mwaridi nilipewa na masista. Huu ulinyauka mwaka wa ukame tukaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Hapa Alfonsi aliumwa na nyuki. Watu walicheka pamoja naye. Mama mmoja wa Iringa alimshika mkono. Kwa nusu saa hivi nilimwona mama yangu kama nilivyomjua zamani, na nikajidanganya kwamba mambo yataishia hapo.

"Sasa," mama aliwaambia, "twendeni mkamsalimie mwenyewe."

Akatangulia kushuka kuelekea mipeasi.

Nilitaka kumzuia. Nilimfuata mbiombio. Kule chini palikuwa pametandazwa mawe bapa, safi, yamepangwa vizuri, na juu yake kuna meza zenye miavuli. Watu walikuwa wanakunywa chai na keki.

Mama alisimama. Akaanza kuhesabu mipeasi kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu... Akatembea katikati ya meza mpaka kati ya wa tatu na wa nne. Palikuwa na baba mmoja mnene ameketi, anasoma simu.

"Baba, naomba unyanyuke," mama alimwambia. "Umekaa juu ya mtu."

Yule baba hakuelewa, lakini alinyanyuka. Mama akasogeza kiti kando. Akaenda kwenye kiti kingine, akakisogeza. Kisha akavua viatu, akaketi juu ya yale mawe, miguu imenyooka mbele, kama tunavyoketi msibani.

Watu waliweka vikombe chini, wakasimama.

Meneja aliitwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa sweta. Alichuchumaa mbele ya mama, akamsalimu, akamuuliza shida ni nini. Mama akamwambia mume wake yuko chini ya haya mawe, na msalaba wake hauonekani.

"Bibi yangu, pole sana," meneja alisema. "Lakini hapa hapana kaburi. Tulipouziwa eneo tulithibitishiwa na familia yenyewe."

"Mmeuziwa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Mwaka jana."

Nami ndipo nilipolisikia hilo neno kwa mara ya kwanza. Ubia haukuwepo. Kurasa nilizoziacha bila kusoma zilikuwa za mauzo.

"Nani wa familia amewaambia hapana kaburi?" mama aliuliza. "Ni Kastori?"

Meneja alimtuma Neema ofisini, akaleta faili. Aliifungua palepale akiwa amechuchumaa, akatafuta karatasi, akaisoma kwa sauti kwa sababu mama alimwomba aisome. Mimi, mtoto mkubwa wa marehemu... Alipofika chini alitaja jina la mtiaji saini. Alilitaja lote, la kwanza, la baba, la ukoo.

Mama hakugeuka haraka. Aliendelea kuyatazama mawe, akayapapasa kwa kiganja. Kisha akanitazama.

"Siku ile ulisema umesoma."

"Ndiyo, mama."

"Ulisoma kweli?"

Wasomaji wenzangu, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema hapana, sikusoma, Kastori alinidanganya. Angenihurumia. Nilimwangalia usoni, na mdomo ukakataa kusema uongo wa pili.

"Nilisoma, mama. Huo mstari niliuona."

Hakulia. Laiti angelia. Alivaa viatu vyake, akamrudishia meneja ile beji, akapanda mteremko bila kushika mkono wa mtu. Neema alikimbia na kikombe cha chai, mama akakikataa. Getini alimwambia dereva wa bajaji ampeleke Uwemba, kwa mdogo wake, mama mdogo Adelina, anayeishi karibu na misheni. Nilipotaka kupanda, aliweka mkono wake mlangoni.

"Huyu anarudi Makambako," alimwambia dereva. Hakuniambia mimi, alimwambia dereva.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Kastori. Nilisimama mbele ya kaunta, mbele ya wateja wake, nikamuuliza baba yuko wapi.

Alinivuta stoo. Hakuonyesha hofu yoyote. Aliegemea mifuko ya saruji akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichemsha damu.

"Dada, usinipigie kelele. Kwenye mauzo jina langu lipo, na mauzo ni halali, mama ameweka dole. Kwenye hilo la kaburi jina langu halipo. Lipo lako. Ukienda kushtaki, unajishtaki wewe."

"Kwa hiyo ndiyo maana ulinipa mimi nisaini?"

"Wewe ndiye mkubwa."

"Kasto, watu wananywa chai juu ya baba."

Akanijibu, "Baba amekufa. Hasikii vikombe."

Nilimpiga kofi. Sikuwa nimewahi kumpiga mtu tangu nizaliwe, lakini siku ile nilimpiga, na sijutii. Alishika shavu lake akacheka kidogo, kisha akaenda kumhudumia mteja wa misumari. Mtu tuliyenyonya naye ziwa moja...

Alinipanga. Aliijua haraka yangu, aliijua tamaa yangu ya zile sare, akaja siku nina magauni thelathini mezani. Kila kitu alikipima kama anavyopima nondo dukani kwake.

Lakini hasira yangu ilikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulinirudia mwenyewe kila nilipokanyaga cherehani. Kastori alinidanganya kuhusu mauzo, ni kweli. Kuhusu kaburi hakunidanganya. Kuhusu kaburi tulidanganya pamoja.

Nikaamua kwenda baraza la kata. Watu wazima walinionya. Ndugu wa upande wa baba walisema nitaaibisha ukoo. Kiongozi wetu wa jumuiya alisema niende kimya kimya kwa meneja, nimwombe. Nilimwambia karatasi ya uongo ilisomwa hadharani, basi ukweli nao utasemwa hadharani.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Mama alikuja na mama mdogo Adelina, wakaketi mbele, hakunitazama. Nilisimama nikasema kwamba mimi ndiye niliyesaini, kwamba nilijua, kwamba niliyoyathibitisha ni uongo. Nilisikia minong'ono nyuma yangu. Mwanamke mmoja niliyesoma naye darasa moja alisema, bila kushusha sauti, kwamba afadhali kuwa mgumba kuliko kuzaa mtoto kama huyu. Nilimsikia. Nikaendelea.

Halafu akasimama mzee Lukas, aliyefanya kazi bustanini chini ya baba na bado anafanya kazi pale. Alisema Kastori alikuja Jumapili moja asubuhi, mama akiwa tayari kwangu Makambako na watu wakiwa misani, siku chache kabla wanunuzi hawajaja kukagua. Aling'oa msalaba mwenyewe. Aliyatupa yale mawe ya mtoni kwenye mfereji, akasawazisha udongo, akapanda ukoka. Mzee Lukas alimkuta akinawa mikono. Aliambiwa akinyamaza ataendelea na kazi. Akanyamaza, lakini msalaba aliutoa kwenye kuni akauficha stoo ya majembe, nyuma ya magunia.

Kwa hiyo tulikuwa watatu tuliojua kwamba kaburi limefutwa, kwa kalamu au kwa jembe. Mwana, binti na mtunza bustani. Aliyekuwa hajui ni mjane tu.

Kastori hakuja barazani. Alituma udhuru kwamba yuko safarini. Watu walimwona dukani kwake siku hiyohiyo.

Kuhusu kaburi, baraza halikuchukua muda. Wale wenye hoteli hawakubisha, na kwa haki lazima niseme hawakuwa na kosa, walidanganywa kama mama. Meneja alikuja na mafundi wake, wakaondoa mawe, wakazungushia uzio wa chuma mfupi, wakarudisha msalaba. Neema alibadilisha maandishi ya ile picha. Sasa imeandikwa jina la baba na kwamba ndiye aliyepanda mipeasi.

Kuhusu nyumba, shauri limekwenda ngazi ya juu na siwezi kulieleza hapa. Fedha za mauzo sizizungumzii, sizo zilizoniuma. Kastori hakaribishwi tena kwenye vikao vya ukoo, lakini duka lake limejaa kama kawaida na bado anakuwa mwenyekiti wa kamati za harusi za watu wasiomjua. Hilo nalimeza kila siku nikipita barabarani.

Nilidhani mama atafurahi. Meneja mwenyewe alikwenda Uwemba kumwambia kwamba anaruhusiwa kuingia siku yoyote bila kulipa, na kwamba siku Mungu akimchukua, nafasi ya kuzikwa pembeni ya mume wake ipo, wameiandika.

Mama alimshukuru, akampa parachichi za kubeba. Kisha akakataa.

"Mume wangu siwezi kumtembelea kwa ruhusa," alimwambia. "Na nikifa, msinipeleke kule. Sitaki mtu akae juu yangu siku karatasi nyingine itakapoandikwa. Nizikeni hapa misheni."

Waliishi katika ndoa miaka arobaini na minne. Sasa baba amelala peke yake kati ya wageni wanaompiga picha, na mama atalala Uwemba. Aliyewatenganisha si kifo. Ni mimi na kalamu yangu.

Nakwenda Uwemba kila Jumapili ya pili. Mwaka wa kwanza mama alikuwa akinipokea kama anavyompokea mtu wa kuuza vitunguu: karibu, keti, kunywa chai. Hakuniita jina. Siku hizi ananiachia nimfulie, nimchotee maji. Mwezi uliopita alinipa gauni lake nilipunguze kiuno kwa sababu amekonda. Nilipolirudisha aliligeuza ndani akakagua kila mshono, pole pole, kwa vidole, mpaka pindo la mwisho. Zamani alikuwa akilivaa tu. Nina haki gani ya kusema?

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi watoto wakubwa mnaotumwa na wadogo zenu kwa mama kwa sababu mama anawasikiliza... nawaomba. Mtu akikuletea karatasi siku umezidiwa na kazi, mwambie arudi. Ukiona mstari mmoja wa uongo, usiseme ni lugha ya fomu. Na mzazi asiyejua kusoma akikuuliza kama ni sawa, msomee yote, neno kwa neno, hata kama ndugu yako amesimama mlangoni anaangalia saa.

Na kama wewe tayari umesaini, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Nenda kwake leo umwambie, kabla mtu asiyemjua hajamsomea jina lako.